Kukaa na Kusimama kwa Eivind Lauvstrand

Lauvstrand, 20 Oktoba 1968

Mdogo wangu Eivind,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo wako umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila mume wangu Peder anakohoa tangu tulipoanza kuchimba viazi, na kwa kuwa hataki kumwona daktari, anadai hakohoi. Viazi ni vingi. Kondoo wameshuka wote kutoka mlimani isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ni yule mkorofi wa mwaka jana, kwa hiyo hakuna anayelia. Binti yangu Turid ni mjamzito, jambo nililokuandikia Agosti nawe hukunijibu hata neno. Atajifungua Februari. Mumewe yuko kwenye meli ya mafuta huko Ghuba ya Uajemi, na sidhani kama atamwona mtoto kabla hajaota meno.

Naandika, sipigi simu, na sababu unaijua. Simu zote za hapa zinapita mikononi mwa Magnhild pale posta, na Magnhild akishasikia jambo, wamesikia mpaka mbuzi.

Sasa nije kwenye lenyewe. Gazeti la mkoa limeandika kwamba Waziri anataka kuzifunga nyumba ndogo za uzazi za pwani yote, na yetu imo. Wanawake wote watazalia mjini. Maana yake ni feri, kisha basi, kisha mlima, na mlima wetu wakati wa theluji hufungwa unapopenda wenyewe. Waziri ni wa chama chako. Watu wananiuliza dukani, Eivind anasemaje? Nawajibu kwamba mimi ni dada yake tu, sikumchagua peke yangu. Kåre Tveit wa mabasi akacheka, akasema Eivind atasema "tutalitazama", kama alivyosema juu ya feri, juu ya barabara na juu ya umeme wa kule kisiwani.

Mwaka ule wa uchaguzi ulisema katika jumba la vijana kwamba nyumba ya uzazi haitafungwa wewe ukiwa hai. Nilikuwepo, nilikuwa namimina kahawa. Na kwa kuwa bado u hai, nakuuliza: utaupinga mpango huo, au hutaupinga?

Peder anakusalimu. Nimekufungia soksi.

Dada yako,
Oddny


Oslo, 17 Novemba 1968

Dada mpendwa Oddny,

Nimeipata barua yako pamoja na soksi, nazo zimenikaa vizuri, ahsante. Huku theluji imeanguka mapema, ikayeyuka, ikaanguka tena, na barabara ni tope tupu. Mama mwenye nyumba wangu, Bi Sørlie, bado anapika supu ya mbaazi kila Alhamisi na bado anaamini kwamba naipenda. Mpe Peder pole kwa kikohozi asichokuwa nacho. Mpe Turid hongera nyingi. Jibu la Agosti nililiandika kabisa, ila lilikosa stempu, kisha likakosa bahasha, na sasa sijui liko wapi.

Kuhusu nyumba ya uzazi, suala hilo lina pande nyingi. Waziri ana hoja zake. Madaktari wazuri hawaji kukaa mahali pa watu wachache, na mashine hununuliwa kwa hospitali kubwa. Huko nyumbani nako kuna hoja, nami nazijua, maana nimezaliwa humo. Kiongozi wetu wa wabunge wa chama, Bwana Rustad, ametuomba tuwe kitu kimoja, kwa sababu tunawazidi wapinzani kwa kura chache sana. Wewe unajua nilivyofika hapa. Nilikuwa meneja wa kiwanda cha maziwa, nikawa mwenyekiti wa halmashauri, nikaja Bungeni, na kote nimepanda kwa kusikiliza kabla ya kusema. Bado nasikiliza.

Umeuliza kama nitapinga. Labda nikueleze tunavyopiga kura, maana watu wa kwetu wanadhani tunanyoosha vidole kama shuleni. Spika husoma pendekezo la kamati, halafu husema: wanaokubali waendelee kukaa, wanaopinga wasimame. Basi. Anayekubali hana kazi ya kufanya. Viti navyo hupangwa kwa mikoa, si kwa vyama, kwa hiyo wenzangu wa chama wametapakaa ukumbi mzima, na mimi kushoto kwangu yupo Bi Gyda Måren wa upinzani, ambaye hufuma sweta huku akisikiliza bajeti. Katika miaka hii mitatu nimekaa sana. Suruali yangu ya bluu inang'aa nyuma.

Kura itapigwa mwanzoni mwa Desemba. Tutalitazama.

Mdogo wako,
Eivind


Lauvstrand, 8 Desemba 1968

Mdogo wangu,

Salamu leo nitazifupisha. Wote wazima, na hata Peder amepata nafuu, nami nitakuambia saa aliyoipata.

Ijumaa nilikuwa jikoni nachoma mikate mikavu ya Krismasi, redio imewashwa. Mtangazaji akasema mpango wa Waziri umeanguka kwa kura moja. Kisha akasema mbunge mmoja wa chama chake mwenyewe hakwenda na wenzake, naye ni Eivind Lauvstrand. Mkate ukaungua. Peder akaacha kukohoa, na hajakohoa tena tangu hapo.

Magnhild alilia kwenye simu, akamwunganisha kila mtu na mtu asiye wake. Mkunga Johanne alifungua madirisha yote ya nyumba ya uzazi katika baridi ile, sijui kwa nini, labda alitaka hewa. Watu walipandisha bendera utadhani ni sikukuu ya taifa, na wa kwanza kupandisha alikuwa Kåre Tveit. Jana katika jumba la vijana kwaya iliimba. Mchungaji alisimulia jinsi ulivyosimama peke yako, chama kizima kimekaa, ukamtazama Waziri usoni. Sijui alizipata wapi habari hizo, maana redio haikuzisema. Lakini zimekwisha kuwa kweli, watoto wa shule wamekuchora umesimama, na katika picha moja una ndevu.

Nimejivuna, Eivind. Nalisema wazi kwa sababu si kawaida yangu, na hutalisikia mara kwa mara. Nilidhani utakaa.

Tuandikie ilikuwaje. Turid anataka kusikia kila neno. Krismasi tunakungoja, kitanda chako nimekwisha kukitandika, na mbavu za kondoo zinaning'inia ghalani.

Dada yako,
Oddny


Oslo, 12 Januari 1969

Dada mpendwa,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Samahani sikuweza kuja Krismasi. Kazi za kamati zilikuwa nyingi, halafu nikapata mafua, halafu meli ya tarehe ishirini na tatu ilikuwa imejaa. Bi Sørlie alinikaribisha chakula, tukala samaki. Mbavu ulizotuma zilifika salama, nikazila peke yangu kwa siku kadhaa, na chumba kizima kikanuka nyumbani.

Nimenunua viatu vipya vya theluji. Vya zamani vilikuwa vinaingiza maji upande wa kulia tu, jambo ambalo fundi alisema hajapata kuliona. Nimekwenda pia kumtembelea binamu yetu Aslaug huko Drammen. Amenenepa, ana furaha, anafuga kasuku. Kasuku huyo anasema "karibu kahawa" na hakuna mtu aliyemfundisha.

Umeuliza juu ya kura ya Desemba. Matokeo ni hayo mliyoyasikia redioni. Nawashukuru wote kwa salamu zao, ingawa naona zimezidi kiasi. Ningeomba hizo picha za watoto zisitundikwe ukutani.

Turid ajitunze, asibebe maji.

Mdogo wako,
Eivind


Lauvstrand, 23 Februari 1969

Mdogo wangu Eivind,

Tuanze na habari za heri. Turid amejifungua salama mtoto wa kiume, mkubwa, mwekundu, mwenye sauti. Mlima ulikuwa umefungwa tangu siku iliyotangulia na feri ilikuwa imefungwa gatini kwa upepo. Tulimpeleka Turid kwa Johanne kwa kigari cha theluji cha kuvutwa, kwa miguu, na kabla kahawa ya mchana haijaiva mtoto alikuwa amekwisha kufika. Johanne alisema kichwa kilikuja vibaya kidogo akakigeuza, na hapo nikatoka nje kwa muda. Sitaki kufikiria ingekuwaje ndani ya basi la Kåre. Turid amemwita Eivind. Hakuniuliza. Aliniambia tu, "Mama, hakuna jina lingine." Kwa hiyo una somo.

Sasa la pili. Wiki iliyofuata umoja wa wanawake ulimwalika mbunge aje kuhutubia, na kwa kuwa wewe hukupatikana, akaja jirani yako wa kiti, Bi Gyda Måren. Alihutubia vizuri. Baadaye alikuja kunywa kahawa kwangu, akatoa kufuma kwake, tukawa tumekaa wawili tu.

"Wewe ndiye dada yake?" akasema. "Basi bila shaka amekusimulia ile ya Desemba." Na kabla sijajibu akaanza kucheka.

Alisema siku ile Spika aliyageuza mambo. Alianza na pendekezo la upinzani, la kuziacha nyumba za uzazi zilivyo. Kwa hiyo mara hii waliotaka ziachwe ndio wa kukaa, na waliotaka zifungwe ndio wa kusimama. Aliyasema hayo kwa sauti, mara mbili. Chama chako chote kikasimama. Wewe ulikuwa umekaa, kama siku zote.

"Aliwatazama wale waliosimama kwa masikitiko kabisa," akasema Bi Gyda. "Akaninong'oneza, 'Leo mpango una wapinzani wengi.' Nikamwambia, 'Eivind, hao ni wa kwenu.' Akataka kuinuka, lakini nyundo ilikwisha kugonga."

Alicheka mpaka akaangusha sindano. Kisha akaniona usoni, akashika mdomo. Akaniomba radhi. Alidhani najua, na ameahidi hatamsimulia mtu mwingine wa huku. Namwamini. Chama chake kinapenda uwe shujaa kuliko uwe mtu aliyesahau kuinuka.

Ahsante basi kwa habari za kasuku.

Sijamwambia mtu. Peder hajui, Turid hajui. Jumapili iliyopita mtoto alibatizwa, na mchungaji akasema jina hilo ni la mtu aliyejua wakati wa kusimama. Nilitazama sakafu. Watu wamekuvisha kilemba cha ukoka, Eivind, nawe umekaa nacho kichwani miezi mitatu kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Oddny


Oslo, 9 Machi 1969

Dada Oddny,

Barua hii nimeianza mara nyingi. Nafurahi kwa ajili ya Turid na mtoto, nafurahi kweli, na nimemtumia kijiko cha fedha chenye jina lake, ambalo mchongaji aliniuliza kama ndilo langu nikasema la.

Alivyosema Bi Gyda ndivyo ilivyokuwa. Sina la kuongeza. Nilikuwa nimekwisha kata shauri kwenda na chama. Hilo sikukuandikia Novemba kwa kuwa nilijua umelisoma humo humo. Nilikaa kwa sababu huwa nakaa.

Nilinyamaza kwa kuwa kila nilipotaka kusema, nilikuta mmekwisha kuimba.

Sasa kuna jambo jipya, nalo nakuambia wewe peke yako. Rustad aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kahawa na keki, dalili mbaya, maana ni mtu mwangalifu wa keki.

"Lauvstrand," akasema, "ulilala."

"Nilikuwa macho," nikasema. "Ndiyo aibu yenyewe."

Hilo lilimpendeza. Akaniambia Waziri anaurudisha mpango ule ule mwishoni mwa mwezi huu, umebadilishwa maneno machache. Wale waliokuwa wagonjwa Desemba wamepona. Mimi nifanye tu kile nilichokuwa nikidhani nakifanya. Baada ya uchaguzi wa Septemba kamati yangu itahitaji mwenyekiti, na Wizara ya Kilimo itahitaji naibu, na mtu mwenye uzoefu wa maziwa si wa kutafutwa mbali. Unajua nimekingoja kitu kama hicho tangu nivae suti.

Nikamuuliza, na nisipofanya?

Akaiweka keki chini. "Huku tunasamehe makosa," akasema. "Hatusamehe makusudi." Kisha akataja, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mkutano wa mkoa wa kuteua wagombea ni Aprili, na kwamba yeye hupenda kuwapigia simu watu wa matawini, kuwajulia hali.

Nikikaa na chama, nyumba ya uzazi itafungwa, nami nitapanda. Kwa watu wa nyumbani nitasema nilizidiwa, na wataniamini, kwa sababu ya Desemba. Nikipinga, hesabu niliyoiona inaonyesha itafungwa vile vile, nami nitashuka. Hayo ndiyo yote. Hujawahi kuniona nikiandika jambo wazi namna hii.

Wewe ungefanya nini?

Eivind


Lauvstrand, 16 Machi 1969

Eivind,

Tumeipokea kheri yako na kijiko kimefika. Mtoto anakula vizuri, halali vizuri. Kondoo wa kwanza amezaa mapacha.

Umeniuliza ningefanya nini. Sitakujibu. Mimi sikuchaguliwa, nilimimina kahawa tu.

Nilikuwa na hasira nawe tangu aondoke Bi Gyda, nami si mtu wa kuificha, kama ulivyosoma. Halafu juzi nilikuwa namwogesha mtoto nikawaza kwamba huyu kapewa jina la mtu aliyesahau kuinuka, nikacheka peke yangu mpaka Peder akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna. Kwa hiyo hasira imepungua, lakini haijaisha.

Nitasema hili tu. Ukikaa, hakuna atakayejua ila mimi. Utakuja kiangazi, nitakupa kahawa na jibini la kahawia na chumba chako, na hatutalizungumza. Sisi wawili tunajua sana kutozungumza, tulilelewa hivyo. Baba aliishi na kaka yake ng'ambo ya kijito miaka yote bila kutaja ule mpaka wa shamba, na wakazikwa jirani. Itakuwa hivyo. Usiogope kwamba nitakufungia mlango.

Johanne anakusalimu. Ana wanawake wanne wa kuzaa kabla ya mwezi wa tano.

Oddny


Oslo, 28 Machi 1969

Dada mpendwa,

Natumaini mu wazima na mapacha wa kondoo wanaendelea. Huku jua limeanza kuwa na joto ukisimama upande wa ukuta.

Kura ilipigwa jana. Spika alisoma mpango wa Waziri kwa utaratibu wa kawaida. Wanaokubali wakae, wanaopinga wasimame. Safari hii nilisikiliza kila neno, nikamwuliza na Bi Gyda kwa uhakika, akasema, "Ndiyo, Eivind, leo kukaa ni kukaa."

Nikasimama.

Sikuwa nimepata kuuona ukumbi ule kutoka juu. Mtu unaona vipara vingi. Bi Gyda alisimama kando yangu na sweta lake, upinzani wakasimama, na wa chama changu nilikuwa peke yangu. Rustad aligeuka kule mbele akanitazama, bila chuki, kama mtu anayeangalia saa. Kisha Spika akahesabu, nyundo ikagonga, mpango ukapita kwa kura kadhaa. Wawili wa upinzani wanaotoka mijini walikuwa wamekaa. Mimi sikusaidia kitu. Ningekaa, ungepita, nimesimama, umepita.

Jioni Bi Sørlie alinipa supu ya mbaazi, Alhamisi, nikaila yote nikaomba nyingine. Sijui kwa nini niliona furaha. Ilidumu mpaka asubuhi.

Nakuomba kitu kimoja. Usiwaambie watu habari ya Desemba. Huo ni ushindi wao, na hawajapata mwingine. Turid alizaa ndani yake. Mtu akijua ulitoka kwa mzee aliyesahau kuinuka, magazeti ya mkoa yatacheka mwaka mzima, na watakaochekwa si mimi peke yangu. Waachie.

Kuhusu mkutano wa Aprili, tutalitazama. Samahani, mkono umezoea.

Mdogo wako,
Eivind


Lauvstrand, 27 Aprili 1969

Mdogo wangu Eivind,

Tunakusalimu sote. Peder ameanza tena kukohoa. Mtoto amejua kucheka, na humchekea zaidi mbwa. Mumewe Turid ameleta simu ya maandishi kutoka Singapore kwamba atafika Julai.

Ya mkutano umekwisha kuyasikia, lakini utapenda kujua yalivyosikika huku. Wiki ya kabla ya mkutano Oslo ilimtafuta Kåre Tveit kwa simu mara mbili. Nimeyapata kwa Magnhild, ambaye alisema hakusikiliza, na kwamba mwenye kupiga alikuwa na sauti ya upole. Tawi letu likamwunga mkono Kåre. Kåre kawekwa nafasi ya pili katika orodha ya mkoa, atapita. Wewe uko ya sita, mahali pa kuwekea wazee ili majina yao yachapwe. Waliinua mikono kukushukuru kwa utumishi wako. Hakuna aliyekusema vibaya, ningependa angekuwepo mmoja, ningemjibu.

Nyumba ya uzazi inafungwa Septemba mosi. Johanne ameambiwa anaweza kuomba kazi mjini.

Jumatano nilikuwa dukani. Walikuwepo Kåre na Johanne na wengine wawili watatu, wanazungumzia hayo hayo, nami nikiingia hawakunyamaza, kwa heshima.

"Nduguyo alikuwa mtu, Desemba," Kåre akaniambia. Hakusema kwa ubaya, Eivind, alisema kwa huruma. "Alisimama dhidi yao wote peke yake akawaangusha. Machi sijui walimfanya nini. Kachoka, au wamempa kitu."

"Machi pia alipinga," nikasema.

"Tumesikia. Lakini alipinga kama wengine tu. Hakuweza kitu."

Na Johanne akaitikia kwa kichwa. Johanne, ambaye ulisimama kwa ajili yake.

Nikafungua mdomo. Nilitaka kuwaambia kwamba Machi ndiyo ulijua unachokifanya, na ulijua utalipa nini, na kwamba Desemba ulikuwa umekaa tu na suruali yako ya bluu. Lakini ya Machi hayaeleweki bila ya Desemba. Na nikishawaambia ya Desemba, hakuna atakayebaki kusikiliza ya Machi, watakuwa wanashika mbavu. Halafu ulikuwa umeniomba. Nikaufunga mdomo, nikanunua kahawa na sukari ya vipande, nikatoka.

Nilifika mpaka daraja la kijito ndipo nikalia. Sikumbuki lini nililia mara ya mwisho, hata alipokufa Baba nilikuwa na kazi nyingi. Nililia kwa hasira, kwa sababu huu ndio wakati pekee katika siasa zako zote ambao ningetaka kuusimulia kwa kila mtu ninayekutana naye, na ndio nisioweza kuusimulia.

Bunge linafungwa Juni. Usitafute kamati, usitafute mafua, usiniambie meli imejaa. Njoo. Nina mengi ya kusema juu ya ile siku ya Machi, na hakuna mtu mwingine hapa duniani wa kumwambia.

Dada yako,
Oddny